Matumbawe sita, mwamba mmoja: yapangwe vipi ili yakue?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 250, limetimiza miezi saba, na samaki wanne wenye afya njema. Miezi miwili iliyopita nilianza matumbawe. Nina vipande sita: Acropora, Montipora la umbo la sahani, Euphyllia mawili (moja la mwenge, jingine la nyundo), Zoanthus, na lile zulia la kijani la polipi za nyota. Nilivipanga vyote juu ya mwamba karibu na taa, kwa kuwa niliambiwa matumbawe yanataka mwanga. Acropora likapauka, nikalishusha chini kabisa, sasa limekuwa la kahawia. La nyundo limenyauka upande mmoja. Zulia ndilo pekee linalokua, tena kwa kasi. Nimehamisha vipande mara nyingi mpaka nimechoka. Nivipange vipi, na nifanye nini ili vikue?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umenirahisishia kazi, maana kila dalili uliyoitaja inaonyesha ilikotoka. Aliyekuambia matumbawe yanataka mwanga alisema kweli, ila aliishia njiani. Mahali pa tumbawe huamuliwa na mambo matatu kwa pamoja: mwanga unaolifikia, mkondo unaolipitia, na jirani aliye karibu nalo. Mwanga unaupunguza kwa kubonyeza kitufe. Mkondo unaugeuza kwa kuzungusha pampu. Jirani mbaya aliyekwisha kugundishwa na kutambaa mwambani haondoki bila patasi, kwa hiyo naanza na huyo.

La nyundo limenyauka upande mmoja. Sijaliona, lakini nathubutu kusema upande huo ndio unaotazamana na la mwenge. Wengi huyaweka pamoja kwa sababu huuzwa kama ndugu. Wanasayansi wamekwisha kulihamishia la nyundo kwenye jenasi ya Fimbriaphyllia, na hata tangini utaona kwamba hayaelewani. La mwenge, Euphyllia glabrescens, huchoma karibu kila kinacholigusa, na la nyundo ndilo huumia. Leo usiku zima taa, subiri muda wa saa mbili hivi, kisha mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Mchana unaona minyiri minene yenye vichwa vinavyong'aa. Usiku huenda ukaona mingine, myembamba mno, karibu haina rangi, imejinyoosha kufuata mkondo mpaka mbali kuliko unavyodhani. Hiyo ndiyo minyiri ya vita. Tumbawe liitwalo Galaxea huinyoosha hata sentimita 20 na zaidi, na kwa tangi la ukubwa wako sikushauri ulilete kabisa.

Kwa hiyo weka angalau sentimita 15 hadi 20 kati ya la mwenge na chochote kingine, na zaidi ya hapo upande ule mkondo unakoelekea, kwa sababu minyiri hupeperushwa huko. Upande wa la nyundo ulionyauka uangalie kila siku. Nyama ikibaki imesinyaa lakini imeshika kiunzi, itapona yenyewe. Ukiona ute wa kahawia unaovutika kama makamasi, huo ni uozo unaosambaa haraka: toa kichwa hicho, yaani tawi lenye ute huo, likate chini ya sehemu iliyoharibika, kisha osha kilichobaki kwa dawa ya aidini ya matumbawe kabla ya kukirudisha.

Matumbawe laini nayo yana vita vyake, ila hupigana kwa kemikali. Sarcophyton na jamaa zake humwaga majini sumu zinazodumaza matumbawe magumu yaliyo mbali nayo kabisa. Ndiyo maana tangi lenye mchanganyiko wa laini na magumu huwekewa mkaa wa kuchujia, unaobadilishwa kila baada ya wiki tatu au nne. Ni kitu rahisi na huokoa mengi, nami nashangaa jinsi watu wanavyonunua taa za bei mbaya huku wakiudharau mkaa.

Zulia lako la kijani, hilo ni suala la siku chache. Litoe kwenye mwamba mkuu sasa hivi, kabla halijaufunika. Polipi, vile vijinyama vinavyounda tumbawe, kwa hizi za nyota huota juu ya utando wa zambarau unaotambaa, na utando huo haubagui mwamba tupu na kiunzi cha jirani. Uambue taratibu kwa kisu chembamba, uugundishe kwenye jiwe dogo lililo peke yake mchangani, mbali na mwamba kwa upana wa kiganja. Likifika ukingoni mwa jiwe litakosa pa kwenda. Xenia, tumbawe laini jingine linalosambaa haraka, ukija kulipata, lifanyie hivyo hivyo. Mabaki ya utando yatakayobaki mwambani yatachipuka tena, kwa hiyo endelea kuyakwangua.

Sasa mwanga. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani visivyoonekana kwa macho, wanaofanya usanisinuru na kumpa mwenyeji wao sukari. Kwa matumbawe mengi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya chakula chote. Mwanga ukizidi, au joto likipanda mno, usanisinuru huharibika na kuzalisha kemikali zinazodhuru nyama, na tumbawe huwafukuza vijimwani hao. Nyama inabaki ya uwazi, kiunzi cheupe kinaonekana ndani yake. Ndiko kupauka, jambo lile lile linaloikumba miamba ya baharini joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa. Mwanga ukipungua, au maji yakiwa na virutubisho vingi, vijimwani huongezeka, na rangi yao ya kahawia hufunika bluu na zambarau za tumbawe lenyewe.

Hebu sasa liangalie Acropora lako. Ulilitoa dukani, ambako pengine lilikuwa chini ya taa hafifu, ukaliweka karibu kabisa na taa yako siku hiyo hiyo. Likapauka. Ukalishusha gizani, likajaza vijimwani ili liishi. Rangi ya kahawia unayoilalamikia ni ishara kwamba liko hai na linajitafutia riziki. Ningeogopa zaidi lingekuwa jeupe. Usilipandishe kwa mkupuo mmoja tena.

Kwa vipimo, mwanga unaofaa usanisinuru hupimwa kwa kipimo cha PAR. Zoanthus, polipi za nyota na matumbawe laini mengi huridhika na 50 hadi 120. La mwenge na la nyundo, 80 hadi 150. Montipora la sahani, 150 hadi 250. Acropora, 200 hadi 350, na kuna wafugaji wanaolipatia mwanga zaidi ya hapo, ila hulipandisha kwa miezi. Kipima PAR ni ghali kununua kwa kazi ya siku moja, kwa hiyo azima kwa mfugaji mwenzako. Pima sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya mwamba, kisha pima pembeni pia. Utashangaa: chini ya taa nyingi za LED, sehemu ya katikati huwa na mwanga mara mbili ya pembe za tangi kwa kina kile kile, kwa hiyo usiseme “juu” na “chini” tu. Sehemu ya katikati ya mwamba, moja kwa moja chini ya taa, inaweza kuwa kali kuliko kilele kilicho pembeni. Na jicho lako lisikudanganye. Mwanga wa bluu tunauona hafifu, lakini vijimwani huutumia vizuri mno, na taa inayoonekana ya upole inaweza kuwa inaunguza.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kipande kipya kiweke chini kwenye mchanga, pembeni, kwa wiki moja. Kisha kigundishe mahali pake pa kudumu, lakini siku hiyo punguza nguvu ya taa nzima hadi asilimia 60 au 70 ya kawaida, na uirudishe kwa asilimia tano kila wiki. Kupunguza taa ni bora kuliko kupandisha tumbawe ngazi kwa ngazi, kwa sababu kila unapolihamisha mkondo nao hubadilika, na pembe ya mwanga pia. Tumbawe hujipanga upya kwa kila badiliko. Ukilihamisha kila wiki litatumia nguvu zake zote kuzoea, halitajenga kitu. Taa iwake saa nane hadi kumi kwa siku. Kuongeza saa hakuzidishi ukuaji, kunalisha mwani wa kwenye kioo.

Mkondo ndio unaopuuzwa, ingawa naamini ndio huua vipande vingi vya wanaoanza. Tumbawe haliwezi kutembea kufuata hewa, chakula wala choo. Maji ndiyo humletea na kumwondolea. Juu ya nyama yake kuna utando mwembamba wa maji yaliyotuama, na mkondo usipouvunja, oksijeni ya ziada inayotengenezwa mchana hubaki humo na kuwa sumu. Kwa hiyo Acropora lililo kwenye mwanga mkali bila mkondo mkali huumia upesi kuliko lililo kwenye mwanga wa wastani. Linataka maji yanayovurugika, yanayotoka upande huu kisha ule. Elekeza pampu mbili zikabiliane, au ielekeze moja kwenye kioo ili mawimbi yarudi yamevunjika. Pampu inayopuliza mfululizo kwenye tumbawe moja kutoka umbali wa sentimita kumi huchubua nyama hadi kiunzi kionekane.

Yale ya minyiri mirefu yanataka kitu kingine. Tazama la mwenge kwa dakika tano bila kufanya lolote. Minyiri ikiyumba, ikalala kidogo, ikainuka, ikageukia upande mwingine, mahali ni pazuri. Ikilala upande mmoja muda wote, au ukiona ukingo wa kiunzi ukichungulia chini ya nyama, mkondo ni mkali mno. Ikisimama bila kutikisika na takataka zikatua katikati, mkondo haupo. Montipora lako la sahani lina tatizo lake: hukusanya uchafu juu yake, na nyama iliyo chini ya uchafu hufa ndani ya siku chache. Liinamishe kidogo linapogundishwa, na hakikisha mkondo unafagia uso wake.

Ramani ya tangi lako basi ningeichora hivi. Acropora kwenye kilele kilichoachana na vingine, peke yake. Montipora chini yake kidogo, upande wa pili wa mwamba. Likikua kama paa litatia kivuli kila kilicho chini, basi chini yake usiweke kitu kinachopenda jua. La mwenge katikati, upande mmoja wa tangi, kwenye mkondo wa wastani. La nyundo upande wa pili kabisa. Zoanthus chini, popote panapobaki. Zulia kisiwani kwake. Na unapopima nafasi, usipime ukubwa wa leo. Kipande cha Acropora cha sentimita tatu kikifurahi kinaweza kuwa kichaka cha sentimita 10 na zaidi baada ya mwaka, na kichwa kimoja cha la mwenge hugawanyika kuwa viwili, kisha vinne. Tangi lililopangwa vizuri huonekana tupu kwa miezi ya kwanza. Vumilia utupu huo, usiujaze kwa manunuzi.

Kugundisha nako kuna namna yake. Pakausha mahali pa mwamba ukiweza; usipoweza, pasugue mpaka pawe pasafi, maana gundi haishiki mwani. Weka tone kubwa la gundi kali ya aina ya jeli chini ya kitako cha kipande, bandika bonge dogo la udongo wa epoksi juu ya gundi, kisha tone jingine la gundi juu ya bonge, halafu bana mwambani huku ukizungusha kidogo. Gundi peke yake huachia, epoksi peke yake haishiki mwamba uliolowa. Zima pampu kwa dakika kumi. Ni vizuri zaidi ukikata kile kitako cha saruji kilichokuja na kipande, kwani mayai ya wadudu mara nyingi hufichwa chini yake. Minyoo bapa inayokula Acropora na konokono wasio na gamba wanaokula Montipora hufa kwenye maji ya dawa, lakini mayai yao hayafi. Ndiyo maana wazoefu huosha kipande kipya mara tatu, kila baada ya wiki moja, kikiwa kwenye tangi la pembeni.

Hapa nisimame kwa jambo moja la usalama. Zoanthus, na zaidi jamaa zake Palythoa, huweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Zipo familia zilizolazwa hospitalini baada ya mtu kuchemsha au kusugua mwamba wenye polipi hizo ndani ya nyumba, wakavuta mvuke au matone yake. Usichemshe mwamba wenye polipi kamwe. Usiusugue kwa brashi nje ya maji, wala usiumwagie maji ya moto. Ukizikata, vaa glavu na miwani, fanya kazi chini ya maji, na usiguse macho wala kidonda. Akipatwa mtu na homa, maumivu ya misuli au shida ya kupumua baada ya kazi hiyo, mpeleke hospitalini na uwaambie madaktari jina la sumu hiyo.

Tumefika kwenye ukuaji. Tumbawe gumu hujenga kiunzi cha chokaa kwa kuchukua kalsiamu na kaboneti majini. Lenga chumvi ya 35 kwa elfu, joto la nyuzi 25 hadi 26, alkali (akiba ya kaboneti majini, ambayo kizio chake ni dKH) ya 8 hadi 9 dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Bahari yenyewe ina alkali ya karibu 7 na matumbawe hukua vizuri, kwa hiyo usikimbilie 11 ukidhani ndio mbolea. Alkali inayopanda na kushuka huumiza kuliko alkali ndogo iliyotulia, na ikiwa juu huku virutubisho vikiwa chini sana, ncha za Acropora huungua.

Kati ya hivyo vyote, pima alkali kwanza, saa ile ile ya siku. Hii ndiyo sababu: alkali ikishuka kwa dKH moja, kalsiamu hushuka kwa takriban miligramu saba tu kwa lita, badiliko ambalo vipimo vingi vya nyumbani haviwezi kulitofautisha na makosa ya mkono wako. Alkali huonyesha mapema. Pima Jumatatu, pima Alhamisi, bila kuongeza kitu. Tuseme imetoka 8.4 ikafika 7.8. Umetumia 0.2 kwa siku, na katika maji ya lita 200 dKH moja ni kama gramu tatu na nusu za chokaa zilizogeuka kuwa kiunzi. Ndipo unapojua kwamba matumbawe yanajenga, hata kama macho hayajaona.

Kwa vipande sita vidogo nategemea utumiaji wako utakuwa mdogo sana, na kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kutatosha. Usinunue mashine ya kudondoshea madini bado. Utumiaji ukizidi kile ambacho maji mapya yanarudisha, anza kufidia: gramu tatu za bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kupikia, hupandisha lita 100 kwa dKH moja. Yeyusha kwanza kwenye maji yaliyosafishwa, mimina kidogo kidogo penye mkondo, na usipandishe zaidi ya dKH moja kwa siku. Hesabu maji halisi. Mwamba na mchanga vimekula sehemu ya zile lita 250.

Upande wa virutubisho, zamani tulifundishwa kwamba maji safi kabisa ndiyo mazuri. Maji yenye sifuri hulaza njaa matumbawe na kufungulia mlango dinoflajelati, ule ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1 ni sawa. Samaki wanne waliolishwa vizuri huleta sehemu kubwa ya hiyo. La mwenge na la nyundo waweza kuyapa vipande vidogo vya kamba mara moja au mbili kwa wiki, pampu zikiwa zimezimwa. Kipande kikiwa kikubwa watakitapika usiku na utakikuta kimeoza asubuhi.

Utajuaje yanakua? Usingoje urefu. Acropora kwanza hutambaa: nyama hushuka kutoka kwenye tawi, hupanda juu ya gundi, ikiwa na ukingo mwembamba uliopauka unaosogea milimita chache kwa mwezi. Likishashika mwamba ndipo matawi huanza kupanda, yakiwa na ncha nyeupe, kwa kuwa ncha hukua kwa kasi kuliko vijimwani wanavyoweza kuijaza. Ncha hiyo nyeupe ina polipi moja kubwa juu yake na nyama nzima. Ncha iliyoungua ni kavu, haina polipi, na baada ya siku chache huota mwani. Montipora huonyesha mduara mweupe pembeni mwa sahani. Piga picha kila mwezi kutoka pembe moja, chini ya taa nyeupe.

Wiki hii basi: tenganisha la mwenge na la nyundo, toa zulia, weka mkaa. Acropora lisogeze mara moja tu, mpaka kilele chake, huku taa ukiishusha kama nilivyoeleza, kisha uliache kwa miezi mitatu hata kama rangi haijarudi. Rangi hukawia kuliko ukuaji. Ukiona linaanza kumwaga nyama kutoka chini kwenda juu, nitumie vipimo vyako vya alkali vya wiki mbili mfululizo pamoja na picha, tuanzie hapo.